Bisi bila shofere ilisimama katikati ya njia na mbele hakukuwa kitu. Iliona nini?

#1 Mwana_Belair (Lubumbashi)

Jambo yenu bote. Niko na swali moja inanisumbuaka tangu 2018, na kila nikiuliza hapa Bel-Air bananicheka, njo maana naileta kwenu.

Mwaka ule nilienda kumuona yaya yangu (ndugu yangu mukubwa) ku Ufaransa (muji na kampuni naacha, sitafute maneno na mutu). Karibu na kwake kulikuwa naveti ya majaribio, ka-bisi kadogo ka umeme, haina shofere, haina usukani, haina hata mbele na nyuma, inaenda pande zote mbili kama treni. Unapanda bule. Bantu 15 njo mwisho, 11 banakaa, 4 banasimama. Mu kona kulikuwa binti moja amevaa jile ya kung'aa, kazi yake kusimamia, na ku shingo alining'iniza maneti kama ile ya kuchezea PlayStation.

Tukaenda. Pole pole, lakini pole pole KWELI, yaya anasema hata 20 kwa saa haifike, miye nawaza baiskeli ya makala ya kutoka njia ya Likasi ingetupita na magunia yake tano. Sasa tuko katikati, jua inawaka, njia ni nyeupe, hakuna motoka, hakuna mutu, hakuna hata mbwa, mara KAAA! Inafunga freni. Mama muzee mwenye alikuwa mbele yangu akateleza ku kiti, nikamudaka. Kimya. Binti anaangalia ekra (kiyoo cha kompyuta), anaangalia mbele, anaangalia ekra. Dakika tatu nzima. Halafu inaondoka yenyewe kama vile hakuna kitu kilipita. Hata pole haikusema.

Nikamuuliza binti kulikuwa nini. Akanyanyua mabega: "iliona kitu." Kitu gani? "Sijui, iliona kitu."

Basi bandugu, iliona nini?

#2 Katuba_Juu

Iliona babu yako. Ulipanda ndeke bila kupita ku makaburi kumuaga, akakufuata mpaka kule 😂

#3 Polytech_Kasapa

Tuache babu kidogo. Ile naveti haina macho kama yetu, iko na kitu kinaitwa lidari, vichombo viko ku paa na chini pa pua yake, vinatupa mwanga wa lezeri kila upande, mwanga ukigonga kitu unarudi, kompyuta inahesabu ule muda wa kwenda na kurudi, na juu (yaani kwa sababu) mwanga unakimbia kilometa 300.000 kwa sekunde inapata umbali wa kile kitu. Ni kama popo na sauti yake, tofauti ni huyu anatumia mwanga. Shida ni kwamba popo huyu anajua KUKO kitu, lakini hajue sana NI kitu gani. Jani likianguka, ni kitu. Tone nene la mvua, ni kitu. Majani ya pembeni yakikomaa yakainamia njia, nayo ni kitu. Ku majaribio mingi majani njo yalikuwa adui namba moja, mpaka wanatuma watu kupita kukata ili bisi itembee. Jibu yangu: majani.

#4 Reseveri_Mustaafu

Jambo. Miye nilikuwa reseveri (konda) miaka 9 ku laini ya Kenya–Ville, Kenya ya mtaa wa hapa Lubumbashi, si ile inchi, mambo ya bisi musinifundishe. Yule binti njo alifinya. Kila mashini ya bazungu iko na kitufe nyekundu mahali. Alikifinya na mugongo bila kujua, akaogopa, akasema "iliona kitu". Hata miye shofere akiniuliza falanga ya mutu moja imeenda wapi, nilikuwa najibu vile vile.

#5 Mwana_Belair (Lubumbashi)

@Reseveri_Mustaafu vitufe vyekundu vilikuwapo kweli, muzee. Lakini binti alikuwa ameegemea mlango, na kitufe cha karibu kilikuwa pa dirisha, pembeni yangu miye. Na miye sikugusa.

#6 Reseveri_Mustaafu

Aaaah. Sasa tumefika.

#7 Mwana_Belair (Lubumbashi)

SIKUGUSA nimesema.

#8 Mama_Kamalondo

Mwanangu, mbona munapita haraka juu ya yule mama muzee. Alikuwa amekaa ao amesimama? Mikaba ya kujifunga ku kiti ilikuwapo? Juu kama ni kwenda mbio ya konokono halafu mutu bado anatoka ku kiti, basi hiyo freni yao njo ya kuogopa kuliko hiyo bisi.

#9 Mwana_Belair (Lubumbashi)

Amekaa, mama. Mikaba sikuona hata moya. Viti ni vya plastiki vinateleza kama sabuni.

#10 Lushois_Columbus

Salamu toka Ohio. @Mama_Kamalondo umegusa kidonda cha hapa kwetu. Mwezi wa pili 2020 walianza naveti ya namna hiyo mu mtaa wa Linden hapa Columbus, haikumaliza hata mwezi. Ilikuwa inaenda kama kilometa 11 kwa saa tu, ikafunga freni ghafla, abiria mmoja akaanguka chini toka ku kiti. Serikali ya Marekani ikasimamisha kubeba watu ku naveti 16 za aina ile mu majimbo 10. Halafu sababu musikie vizuri: walisema usukani ulienda pembeni kidogo tu, bisi ikajishuku yenyewe, ikafunga. Yaani mbele hakukuwa kitu KABISA. Kwa hiyo @Polytech_Kasapa, haiko kila mara majani. Baadaye wakaongeza mikaba, na wakati wa korona ikawa inabeba maboksi ya chakula kupelekea watu. Maboksi hayalalamike.

#11 Polytech_Kasapa

Sawa, nakubali kujishuku kuko. Lakini ndugu yetu anasema dakika TATU. Usukani ukienda pembeni inasimama halafu inangoja mtu aianzishe tena. Hii iliondoka yenyewe. Jani linasukumwa na upepo, linatoka, bisi inaondoka. Narudi ku majani yangu.

#12 Goma_Birere

Habari zenu wakubwa. Mimi niko Goma na nawaambia ukweli, hayo mabasi tuyaogope, lilishaua mama mmoja kule Arizona, akivuka barabara na baiskeli yake, usiku. Watu wanaficha.

#13 Lushois_Columbus

@Goma_Birere pole kaka, unachanganya. Ile ya Arizona ni mwezi wa tatu 2018, muji wa Tempe, na haikuwa bisi, ilikuwa gari ndogo ya majaribio ya Uber. Na ndani kulikuwa mtu amekaa ku usukani kabisa. Hakuna kilichofichwa, kesi ilienda mpaka korti.

#14 Goma_Birere

Asante kwa kunirekebisha. Lakini mama alikufa ao hakufa?

#15 Lushois_Columbus

Alikufa.

#16 Goma_Birere

Basi.

#17 Niko_Valais

Jambo bote, nilizaliwa Kamalondo sasa niko Uswisi, na miye nilipandaka ile ya hapa Sion, ilianza mwezi wa sita 2016, bisi za manjano za posta, zilikuwa zinapita mu muji wa zamani kati ya bantu na meza za kahawa, na nitawaambia kitu kimoja bantu hawajue: hiyo bisi haichague njia. Ni kama treni yenye reli hazionekane. Bainjinia wanapitaka kwanza na maneti, wanachora mustari ndani ya kompyuta, na baada ya hapo inafuata ule mustari mpaka ufe. Motoka ikipakiwa mubaya juu ya ule mustari, hata nafasi ya kuizunguka iwe kubwa kama uwanja wa Kibassa, haizunguke. Inasimama inangoja, mpaka musimamizi anakamata maneti na kuizungusha na mukono. Na mwezi wa tisa mwaka ule ule iligusa mlango wa nyuma wa kamioneti iliyosimama, kiyoo kikapasuka, wakasimamisha mambo karibu wiki mbili.

Sasa kwa swali ya @Mwana_Belair: kufuata ule mustari inahitaji kujua iko wapi, na satelaiti za kawaida zinakosea meta mingi, kwa hiyo wanaweka anteni ingine chini inayosahihisha, mpaka kosa inabaki sentimeta chache. Ukipita karibu na nyumba ndefu ao chini ya miti, mawimbi yanagonga ukuta, yanachanganyikiwa, bisi inasema sijui niko wapi, inasimama. Satelaiti zinasogea mbinguni, dakika mbili tatu, inajua tena, inaondoka. Yenyewe! Bila mutu kugusa. Hapo iko jibu, haiko majani.

#18 Katuba_Juu

Haijue iko wapi, inasimama inangoja satelaiti zisogee. Muzee wangu akitoka ku pombe ya munkoyo anafanyaka vile vile, lakini yeye ni munkoyo, na anangoja mama atoke kumutafuta.

#19 Goma_Birere

Mimi naona mnakwepa jibu la karibu. Rezo (mtandao). Kuna ofisi mahali wanafuatilia hilo basi kwa kompyuta, si kweli? Rezo ikikatika, basi linasimama. Rezo ikirudi, linaondoka. Mtu yeyote wa Goma analijua hili, hata mpesa inafanya hivyo, unasimama mbele ya duka na mkate mkononi, umeshatuma pesa, muuzaji anasema haijafika, dakika tatu, tiii, imefika.

#20 Polytech_Kasapa

@Goma_Birere ofisi ya kufuatilia iko kweli, lakini kufunga freni kunaamuliwa ndani ya bisi yenyewe, haingoje ofisi.

#21 Goma_Birere

Sikusema kufunga. Nimesema KUONDOKA.

#22 Polytech_Kasapa

...hapo nitafikiri.

#23 Muzee_wa_Likasi

Batoto banangu, nimesoma yote. Musisahau ile ya Las Vegas, tarehe 8 mwezi wa 11 mwaka 2017. Siku ya KWANZA ya kubeba watu, haikumaliza hata masaa mengi. Lori likawa linarudi nyuma pole pole kuingia mu ka-njia ka kushushia mizigo. Naveti ikaona. Ikasimama vizuri kabisa kama ilivyofundishwa. Halafu ikabaki pale pale ikilitazama lori linakuja, likaigonga pua. Haikurudi nyuma, haikupiga klakso. Polisi wakamuandikia shofere wa lori kosa, na ni haki yake.

Lakini bachunguzi wa Marekani waliandika kitu kingine chenye kilinichekesha mpaka bibi akauliza nini: musimamizi angeweza kuiondoa na maneti, lakini maneti ilikuwa imefungiwa mu ka-sanduku.

#24 Reseveri_Mustaafu

Shofere wa laini ya Kenya angekuwa amerudi nyuma, amepiga klakso, ametukana ukoo muzima wa yule wa lori, na amekamata abiria wawili, vyote mbele ya lori kufika.

#25 Mama_Kamalondo

Na angegonga maandazi yangu nyuma wakati wa kurudi. Tunawajua.

#26 Polytech_Kasapa

Mama amesema kweli lakini yuko nje ya mada 😄 Tuulize hivi basi: ingeletwa hapa L'shi (Lubumbashi), laini gani ingeweza? Miye nasema Kasapa, ndani ya site ya chuo tu. Kutoka mageti mpaka ma-home (mabweni ya banafunzi). Njia fupi, watu wanajuana.

#27 Reseveri_Mustaafu

Ku Kasapa banafunzi bataingia 40 mahali pa 15. Bisi itakataa kuondoka. Bataisukuma. Bazungu batakuja kuuliza kwa nini naveti yao imefika ku mtaa wa Golf bila kuwashwa.

#28 Kolwezi_Dampa

Naingia kidogo. Miye ni shofere wa dampa (lori kubwa la kubeba madini) ku mugodi, Kolwezi. Hayo mambo ya kujiendesha ku migodi si mapya hata, Chile ku mugodi wa Gabriela Mistral madampa ya Komatsu yanajiendesha tangu 2008, na Australia ku Pilbara yako mingi yanabeba madini ya chuma usiku na muchana. Sababu inafanya kazi pale ni moja: hakuna mama wa maandazi. Njia ni ya mugodi, anayeingia anajulikana, kila motoka iko na chombo cha kujitangaza iko wapi. Muji hauna hiyo.

Na munisikilize vizuri, kati ya majibu yote hakuna mwenye amesema VUMBI. Lezeri inagonga vumbi na kurudi kama inagonga ukuta. Mwezi wa nane hapa kwetu, lori moja ikipita mbele, hata miye mwenye macho nasimama. Jua ilikuwa inawaka kule? Hakujanyesha siku ngapi? Motoka ingine ilikuwa imetoka kupita?

#29 Mwana_Belair (Lubumbashi)

@Kolwezi_Dampa ni Ufaransa, kaka. Njia ilikuwa safi kuliko meza yangu ya kulia.

#30 Kolwezi_Dampa

Basi moshi. Ao mvuke toka ku mashimo ya maji machafu. Kitu chenye kiko halafu hakiko. Fikiria.

#31 Katuba_Juu

Kitu chenye kiko halafu hakiko. Si nilisema babu ku #2.

#32 Binti_wa_Nyawera

Weee munanichekesha. Mimi ni wa Bukavu lakini niko Scotland, na ile ya hapa nilipanda, haikuwa kanaveti, ilikuwa bisi kubwa kabisa ya kampuni ya Stagecoach, walianza mwezi wa tano 2023, inavuka daraja ya Forth mpaka Edinburgh Park, kilometa 22 hivi, na ilikuwa inakimbia kweli, mpaka 80 kwa saa, si ile ya konokono. Nilikaa mbele juu ya kuona. Njo niliona kitu chenye kilinifanya nimuandikie dada yangu Bukavu pale pale: ndani ya hiyo bisi ya kujiendesha kulikuwa wafanyakazi WAWILI. Mmoja amekaa ku usukani, mikono karibu karibu, ndiye shofere wa usalama. Wa pili walimuita kapteni, anatembea mu bisi, anauza tiketi, anaongea na abiria.

#33 Reseveri_Mustaafu

Ngoja. Ngoja ngoja ngoja. Mmoja ku usukani. Wa pili anatembea, anakamata falanga, anaongea na abiria.

Huyo kapteni NI MIYE.

#34 Katuba_Juu

Nimekufa 😂😂😂 miaka yote bainjinia bamehangaika na setelaiti na lezeri, wakarudi pa shofere na reseveri

#35 Muzee_wa_Likasi

Kapteni Reseveri, heshima yako. Arê mbele!

#36 Binti_wa_Nyawera

Na tena iliisha. Mwezi wa pili 2025 waliifunga, walisema watu hawakupanda kama walivyotegemea. Si ajali, si majani. Abiria hawakuwapo.

#37 Reseveri_Mustaafu

Hawakuwapo juu kapteni hakushuka kuwaita. Unasimama ku mlango, unapiga bati: "Kenya Kenya Kenya, nafasi mbili!" hata kama ni kumi. Bisi haijazi yenyewe.

#38 Goma_Birere

Hapa Goma ingefika wapi? Mawe ya volkano pembeni ya barabara yangelifanya lisimame kila meta mbili, bado chukudu (baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo) limebeba mbao za meta nne zimetokeza mbele na nyuma, na anayeliendesha anashuka mlima hana freni, anatumia kandambili. Hiyo lidari ione chukudu linateremka na iseme nini?

#39 Polytech_Kasapa

Itasema "kuko kitu".

#40 Lushois_Columbus

Na ku L'shi shida ingine ni milango. Mingi ya mataksi-bisi yetu yametoka Japani, usukani kuume, na siye tunatembea kuume ya njia, kwa hiyo mlango wa abiria unafungukia katikati ya barabara, ku motoka zenye zinakuja. Naveti ikiwa nyuma ya taksi-bisi, kila akishuka mutu inaona mutu ametokea mu njia. Freni. Anashuka wa pili. Freni. Mama anashuka na beseni. Freni. Itafika Poste kesho yake, abiria wote wako chini ya viti.

#41 Mama_Kamalondo

Lakini munacheka, miye ile mlango iliniogopesha. 2016 nilishuka pa Carrefour na mutoto ku mugongo, motoka ikapita hapa ☝️ pa pua yangu, nikasikia upepo yake. Shofere ananiambia "mama shuka mbio". Kama kunakuja bisi yenye inasimama ikiona mutu, hata isimame mara mia, hata nifike usiku, miye nitapanda.

#42 Reseveri_Mustaafu

Mama, hapo sina neno.

#43 Muzee_wa_Likasi

Mashini ku njia si jambo jipya kwetu. Kinshasa tangu 2013 kulikuwa maroboti ya kuongoza motoka, marefu, ya alumini, yanakula jua, na si bazungu waliyatengeneza, ni mama injinia wetu Thérèse Izay Kirongozi na wanawake wenzake. Roboti inanyanyua mukono, inaimba, mataa mekundu, na bashofere wenye hawamusikilizake mutu walikuwa banasimama.

#44 Katuba_Juu

Wanasimama juu roboti haiulize umenitunzia nini leo.

#45 Binti_wa_Nyawera

@Katuba_Juu 🤐

#46 Mwana_Belair (Lubumbashi)

Bandugu nilimupigia yaya jana usiku. Muketi vizuri.

Anasema pale mahali inasimamaka KILA MARA, si siku yetu tu. Vituo vya kweli vilikuwa vitano, na bantu ya ule mtaa pale pembeni ya uzio wa miti walikuwa banapaita "kituo cha sita".

#47 Polytech_Kasapa

UZIO WA MITI. Nani alisema majani? #3. Nani? Nangoja munipe heshima yangu.

#48 Niko_Valais

Uzio wa miti, miti, setelaiti, #17. Miye pia nangoja.

#49 Mwana_Belair (Lubumbashi)

Sijamaliza. Yaya anasema walikuja kukata ule uzio, wakaunyoa kama askari. Wiki mbili bisi ikapita bila kusimama. Wiki ya tatu ikaanza tena. Uzio bado mufupi.

#50 Polytech_Kasapa

Hapana.

#51 Niko_Valais

Na miti mirefu ya nyuma? Kuko nyumba za gorofa? Za viyoo? Muulize yaya.

#52 Mwana_Belair (Lubumbashi)

Anasema kuko jengo moya ya gorofa, ng'ambo ya njia. Lakini anasema ilikuwapo pia mu zile wiki mbili 😅

#53 Goma_Birere

Rezo.

#54 Kolwezi_Dampa

Muulize kama kuko jiko la mkate karibu. Mvuke.

#55 Reseveri_Mustaafu

Muulize kama yule binti alikuwa likizo zile wiki mbili.

#56 Lushois_Columbus

@Reseveri_Mustaafu hiyo kweli ni swali nzuri, nakasirika sikuwaza.

#57 Mwana_Belair (Lubumbashi)

Yaya amechoka na miye, amesema nisimupigie tena juu ya bisi. Lakini amenitumia ka-video, juu siku ile nilifilmia na telefone yake. Nimeiweka hapo chini. Freni inafunga ku 0:41.

#58 Binti_wa_Nyawera

Nimetazama mara tatu. Ku 0:39 kuko kitu cheusi kinapita chini kuume, haraka sana. Ndege? Njiwa?

#59 Kolwezi_Dampa

Njiwa wa wapi, ni kikubwa. Na kimefifia pembeni. Nilisema moshi.

#60 Polytech_Kasapa

Ni jani. Jani kubwa limeng'oka ku uzio.

#61 Katuba_Juu

Babu alikuwa anavaa koti nyeusi, ao?

#62 Mama_Kamalondo

Batoto, nimemupa mjukuu wangu akuze picha. Hicho ni kidole. Kidole ya mwenye kushika telefone.

#63 Mwana_Belair (Lubumbashi)

...ni kweli. Ni kidole yangu, naona hata kovu ya kisu.

#64 Reseveri_Mustaafu

Kidole yako. Sekunde mbili mbele ya freni. Upande wa dirisha. Kwenye kitufe iko.

#65 Mwana_Belair (Lubumbashi)

MUZEE NAKUOMBA.